Unga Uleule, Matanuru Mawili

Nikiulizwa nini hasa kinatofautisha utafiti wa huku ughaibuni na wa nyumbani, watu hutarajia nitaje mashine. Mimi hutaja usiku. Huku nawasha tanuru jioni, naenda kulala, na asubuhi nalikuta kwenye nyuzi 850 zilezile nilizoliachia. Nyumbani nililala sakafuni kando ya tanuru, na bado sikuwa na hakika ya kupambazukiwa na sampuli nzima.

Kazi yangu ni oksidi za metali za mpito: za manganisi, chuma, kobalti, nikeli, shaba, vanadiamu. Ukiziona mezani hazina mvuto, ni unga mweusi au wa kijivu tu unaoshika vidole. Lakini ndani yake elektroni hazitulii wala hazitabiriki. Chukua oksidi ya nikeli. Hesabu ya kawaida ya bendi za elektroni, yaani ngazi za nishati ambazo elektroni zinaruhusiwa kukaa, inasema ipitishe umeme vizuri, na yenyewe haipitishi. Wanasayansi de Boer na Verwey walilisema jambo hilo wazi mwaka 1937, na mwaka huohuo Mott na Peierls wakatoa fununu ya jibu: elektroni zinasukumana kwa nguvu mno kiasi kwamba kila moja inabaki kwa atomu yake. Chukua dioksidi ya vanadiamu. Ipashe moto polepole huku umeigusisha sindano mbili za kupimia, na ikikaribia nyuzi 68 za Selsiasi ukinzani wake unaporomoka maelfu ya mara. Nilipoiona namba ile ikianguka kwenye kioo cha mita kwa mara ya kwanza, niliipoza nikaipasha tena mara nne mfululizo, si kwa sababu ya vipimo bali kwa raha ya kuiona.

Oksidi niliyoanzia mimi ni ile ya litiamu na kobalti, iliyo ndani ya betri za simu nyingi. Imepangika tabaka kwa tabaka: kobalti na oksijeni, kisha litiamu, kisha kobalti na oksijeni tena. Unapochaji simu, litiamu inachomoka katikati ya tabaka hizo na kuhamia upande wa pili. Kinachonivutia ni kwamba mabadiliko hayaishii kwenye chaji. Kabla ya kuchomolewa litiamu, unga huo ni kihami, haupitishi umeme. Ikitoka kidogo tu, unaanza kupitisha umeme kama metali. Ila ukivuka karibu nusu ya litiamu yote, mpangilio wenyewe unaanza kuchoka.

Kuitengeneza si kazi ya ajabu. Unasaga kabonati ya litiamu na oksidi ya kobalti ndani ya kinu kidogo cha akiki, unasaga mpaka mkono uume, unatia kwenye bakuli la alumina, kauri inayostahimili moto, unachoma saa nyingi. Hapo ndipo usiku wa nyumbani uliponishinda. Umeme ulikatika saa nane usiku, ukarudi saa kumi na moja. Nikachoma upya. Tatizo ni kwamba litiamu haisubiri. Kwenye joto lile inapeperuka kidogokidogo, na kila ukirudia kuchoma unaipoteza zaidi. Mashine yetu ya eksirei, inayoonyesha atomu za unga zimepangikaje, ilikuwa mbovu, kwa hiyo sampuli ilipelekwa taasisi nyingine, na majibu yakaja baada ya wiki saba. Kwenye mchoro kulikuwa na kilele kidogo karibu na nyuzi 31, hapa nyuzi za pembe ya eksirei si za joto, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Ile ilikuwa oksidi ya kobalti tupu, iliyokosa litiamu ya kuungana nayo. Wiki saba kuambiwa kwamba umeme ulikatika, jambo nililolijua usiku uleule.

Huku swali langu la asubuhi hujibiwa jioni. Eksirei iko chumba cha tatu, sanduku la glavu, la kushikia kemikali zisizotakiwa kugusa hewa, lina gesi ya agoni wakati wote, na kebo ya kifaa cha kupimia elektrodi ilipokatika, fundi wa karakana aliunganisha waya kabla ya saa tisa alasiri. Nyumbani kebo kama hiyo ilituweka miezi kumi na moja tukisubiri, kwa sababu kifaa kilinunuliwa bila fedha za matengenezo na hakuna aliyeruhusiwa kukifungua. Namkumbuka yule fundi kila nikisoma habari za mashine mpya kuzinduliwa kwa hotuba na utepe. Mashine bila fundi ni samani.

Siwaungi mkono wenzangu wa huku wanaosema utafiti wa maana wa oksidi haufanyiki nyumbani. Historia ya fani yenyewe inawakanusha. Bednorz na Müller, pale Zürich mwaka 1986, walikuta oksidi ya lanthanamu, bariamu na shaba ikianza kupoteza ukinzani wa umeme karibu na kelvini 35, yaani baridi ya takriban nyuzi 238 chini ya sifuri, na kitu chenyewe kilikuwa kauri iliyotokana na unga uliochomwa. Mwaka uliofuata wakapewa Tuzo ya Nobel. Ile oksidi ya litiamu na kobalti ilitoka Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, mwaka 1980, kwenye kundi la mtafiti John Goodenough, na aliyeshika kazi ya mikono alikuwa Mizushima, mgeni kutoka Japani. Mgeni mwingine, Michael Thackeray, alifika hapo mwaka 1981 kutoka Afrika Kusini, ambako tayari alikuwa akishughulika na oksidi za chuma. Alianza na magnetiti, jiwe la sumaku linalojulikana tangu zamani, akaonyesha kwamba litiamu inaingia ndani yake katika joto la kawaida la chumba. Kutoka hapo wakahamia kwenye oksidi ya manganisi yenye umbo hilohilo, wakachapisha mwaka 1983, na baadaye oksidi ya aina hiyo ikaingia kwenye betri za magari ya umeme. Alifika Oxford na swali aliloanza kulipika nyumbani.

Na malighafi zenyewe? Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Chupa niliyoagiza nyumbani ilikuja kwa ndege kutoka Ulaya, na ikakaa forodhani mpaka nikasahau nilitaka kuifanyia nini. Hilo linaniuma mpaka leo.

Lakini siwezi kudanganya kwamba kila kitu ni kinu na mchi. Ukitaka kujua elektroni za kobalti zinafanya nini betri ikiwa inachajiwa, unahitaji eksirei kali za sinkrotroni, mashine kubwa inayozungusha elektroni kwa kasi mno, na Afrika ndiyo bara pekee linalokaliwa na watu wengi lisilokuwa na hata moja. Wapo wanaoipigania, na mimi nawaunga mkono. Ninachopinga ni kusubiri. Kama ningepewa fungu dogo leo kwa ajili ya maabara niliyotoka, ningeanza na betri za akiba za kulinda tanuru usiku, agoni isiyokatika, na mshahara wa kudumu wa fundi mmoja. Kisha ningechagua manganisi na chuma badala ya kobalti. Dioksidi ya manganisi unaipata kwa kuchanganya pamanganeti ya potasiamu na chumvi ya manganisi kwenye maji. Mashapo ya kahawia yanashuka mbele ya macho yako, bila tanuru la nyuzi 850. Bado kuna maswali kwayo ambayo hakuna aliyeyamaliza.

Kuna kitu kimoja nyumbani kilinipa ambacho huku kinanipungukia. Kwa kuwa sampuli ilikuwa moja na kipimo kimoja, nilikaa nayo. Nilitabiri mchoro wake kwa penseli kabla haujaja. Huku naweza kupima ishirini kwa siku, na nimejikuta mara kadhaa nikipima kabla ya kufikiri. Sasa nimerudia mtindo ule wa penseli, na wanafunzi wa uzamivu ninaokaa nao wameanza kuniomba karatasi.

Wiki iliyopita kijana aliyeachiwa meza yangu alinitumia picha ya mchoro wake wa eksirei. «Kaka, hiki kidudu cha nyuzi 31 ni nini?» Hakuhitaji kunieleza usiku wake ulikwendaje. Nilimwambia aongeze kabonati ya litiamu asilimia tano, asage tena, na asichome mpaka apate umeme wa kuaminika. Akajibu kwamba jenereta ya jengo jirani imetengenezwa na wamemkubalia kuvuta waya kupitia dirishani. Ijumaa anawasha.