Nondo wa taani na kiwavi wa shambani ni kesi mbili

Ukitaja nondo Mtwara mjini, wengi watafikiria duka la vifaa vya ujenzi na bei ya milimita 12. Ninayemzungumzia hapa hana bei. Ni yule mdudu anayezunguka taa ya kibarazani mvua zikianza, anapukutisha unga wake juu ya sahani ya ugali mpaka mtu anamvulia ndala.

Wanaomchukia wana hoja, tena nzito. Kiwavijeshi vamizi, aliyegundulika Afrika mwaka 2016 akitokea Amerika na kufika Tanzania mwaka uliofuata, ni mtoto wa nondo. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Mkulima wa Nachingwea anayepanua moyo wa mche wa mahindi akakuta kinyesi kama unga wa mbao uliolowa, na kiwavi kajikunja humo ndani, usimwendee na habari za uzuri wa mabawa. Ufuta una kiwavi wake anayeshona majani ya nchani kwa nyuzi. Korosho iliyobanguliwa nayo, ikikaa vibaya ghalani, huota utando wa viwavi wa nondo mdogo wa kijivu. Hizo ni hela za watu.

Lakini tazama anayekula ni nani. Nondo akishakuwa mkubwa hatafuni. Ana mrija wa kunyonyea, na wengine hata kinywa kinachofanya kazi hawana. Aina zilizokwisha kutambuliwa duniani ni takribani 160,000, na zinazosumbua mazao ni sehemu ndogo tu. Hata lile tundu kwenye khanga sandukuni tumemsingizia mara nyingi: nondo wa nguo hutafuta sufu na manyoya, pamba safi si chakula chake. Waulizwe kwanza mende na panya.

Halafu kuna mpapai. Simama nyuma ya jiko kule Mikindani jua likishazama, mbele ya mpapai dume uliochanua. Nondo mkubwa, mwili mnene kama kidole, anakuja kwa kasi, anasimama hewani kama ndege chozi bila kutua, anakunjua mrija wake, ananyonya, anahamia mti wa pili. Nondo wa jamii hii ni wachavushaji muhimu wa mipapai. Kweli, miche mingi ya kisasa ina maua yenye dume na jike pamoja na hujichavusha yenyewe, kwa hiyo hoja hii ina mpaka wake. Ila mipapai ya kienyeji, dume mbali na jike mbali, inahitaji mtu wa kupeleka chavua. Popo nao wanategemea nondo kwa mlo, na yule komba mdogo wa misitu ya Rondo, Lindi, anaishi kwa wadudu kwa sehemu kubwa.

Kwangu ugomvi unaamuliwa na namna ya kupigana. Mtego wa taa unazoa kila kirukacho, mwenye hatia na asiye nayo. Mtego wa harufu ya jike unawaita madume wa aina moja tu, na mkulima akiwahesabu anajua wakati wa kukagua shamba. Wapo wanaotia mchanga kidogo kwenye moyo wa mche, na hao pia wanapambana na kiwavi mwenyewe pale alipo. Kupulizia sumu shamba zima kila wiki siiungi mkono: kiwavi mkubwa aliyejificha ndani haipati vizuri, wanaoipata ni sisimizi wa majimoto na nyigu ambao wangemla bure.

Na yule wa kibarazani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa wadudu wa usiku huelekeza mgongo kwenye mwanga, kama walivyozoea kufanya kwa anga. Taa ikiwa pembeni yao, wanajikuta wanaizunguka bila kutoka. Haipendi taa yako, amenasa. Izime kidogo tu. Mpapai uko nyuma ya nyumba.