Kwa milima yetu, nunua kontrola ya breki inayohisi gari

Mtu anayevuta tela kwa pikapu huku kwetu Arusha na Kilimanjaro akiniuliza anunue kontrola gani ya breki, yaani kile kifaa cha ndani ya gari kinachopeleka umeme kwenye breki za tela, namjibu kabla hajamaliza swali: nunua inayohisi gari linavyopunguza mwendo, na iwe na kitufe cha mkono ambacho dereva anakifikia bila kuinama. Skrini ya rangi na kuunganisha na simu ni mambo ya baadaye.

Msimamo wangu unatokana na barabara zenyewe. Jiji la Arusha lipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Moshi haifiki 900. Ukipeleka mzigo Moshi, katika kilomita 80 hizo unateremka nusu kilomita nzima, na njiani kuna bonde la Kikavu, unashuka mpaka darajani kisha unapanda. Ukielekea magharibi kuna ule ukuta wa Bonde la Ufa. Kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu unashuka kwa kona, wageni wamesimama pembeni wanapiga picha Ziwa Manyara, na harufu ya breki zilizopata moto inakufikia hata ukiwa umefunga vioo. Marangu kwenda Himo napo ni mteremko, tena wenye watu, bodaboda na mikungu ya ndizi kandokando. Sehemu kama hizo tela linakusukuma, na pikapu yako ndiyo inayobeba adhabu.

Watengenezaji wenyewe wamelisema hili kwa tarakimu. Toyota Hilux na Ford Ranger, kwa matoleo mengi ya miaka ya karibuni, zinaruhusiwa kuvuta kilo 3,500 tela likiwa na breki zake, na kilo 750 tu likiwa halina. Tofauti ya kilo 2,750 ni kazi ya breki za tela. Tangi la lita 1,000 likijaa maji ni tani moja tayari, kabla hujahesabu vyuma vya tela. Ina maana yule anayepeleka maji kambini kwa tela lisilo na breki amevuka kipimo tangu anatoka getini kwake.

Sasa, kontrola ziko za aina mbili. Ya kwanza inafuata muda. Ukikanyaga pedeli, taa ya breki inawaka, yenyewe inaanza kupeleka umeme kwenye tela na kuuongeza kidogo kidogo hadi kiwango ulichoweka. Haijui kama umekanyaga kwa kishindo kwa sababu mbuzi wamekatiza Kikatiti, au unajongea tu kwenye foleni ya soko la Kilombero, Arusha. Kwa mbuzi itachelewa, tela likusukume. Kwa foleni itazidisha, tela likuvute nyuma kwa mshtuko. Aina ya pili ina sensa ndani inayopima jinsi gari linavyopunguza mwendo, na inagawa umeme kwa kadiri hiyo hiyo: ukikanyaga kidogo, tela linashika kidogo, ukikanyaga sana linashika sana.

Ya muda ni rahisi kwa bei, na kama tela lako halitoki kwenye tambarare za mashamba ya miwa ya TPC, kule Moshi, sina ugomvi nawe. Lakini kwa mtu wa Machame, Rombo au Karatu, siwezi kumshauri aichukue, hata muuzaji akimbembeleza "mangi, hii wanachukua wote."

Katika zile zinazohisi, mbili ndizo ninazozitaja mara nyingi. Tekonsha Prodigy P3 ya Marekani ni nzuri, skrini yake inakuonyesha nguvu inayokwenda kwenye tela na inakuambia waya ukiachia. REDARC Tow-Pro Elite ya Australia ndiyo chaguo langu kwa mazingira yetu, na sababu ni mbili. Sanduku lake linafichwa nyuma ya dashibodi, kinachobaki nje ni kitasa kidogo tu, kwa hiyo goti la dereva haligongani nacho na mpita njia haoni cha kutamani. Pili, inafanya kazi kwenye gari la volti 12 na la volti 24. Hili la pili watu hulipuuza, wakati Land Cruiser nyingi za dizeli zilizotumika Japani zilikuja na umeme wa volti 24, na kontrola ya volti 12 tupu ukiifunga humo umeichoma. Tow-Pro pia ina hali ya pili, ambapo dereva mwenyewe anapanga kiasi cha breki bila sensa kuingilia, na inafaa sana ukiwa kwenye njia ya mawe au matope unatembea polepole.

Kuna zile za kupachika kwenye plagi ya tela na kuongozwa kwa simu. Kufunga ni rahisi mno, nakubali. Ila kile kitufe cha mkono ndicho kinachookoa tela likianza kuyumba: unaacha mafuta, unabonyeza, tela linashika peke yake na kujinyoosha nyuma yako. Wakati huo sitaki kitufe changu kiwe ndani ya simu.

Kabla ya yote hayo, ingia uvunguni mwa tela. Matela yetu mengi yamechomelewa hapa hapa, kwa ekseli iliyokatwa kwenye gari kuukuu, na kontrola haina msaada kwa tela lisilo na breki za umeme. Mengine yana breki ya msukumo: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma kichwa cha kuungia, na kichwa kinavuta kebo au fimbo inayokaza breki. Hiyo haihitaji kontrola kabisa. Kwa tela dogo la vifaa vya kambi inatosha. Kwenye mteremko mrefu siipendi, kwa sababu inashika muda wote tela linaposukuma na inapata moto, wala dereva hana namna ya kuiamuru.

Breki ya umeme ukiifungua ni kitu cha kueleweka. Gereji moja ya Unga Limited, Arusha, fundi alitoa dramu mbele yangu, akapuliza vumbi, ikaonekana sumaku ya mviringo imelala mwishoni mwa mkono wa chuma. Umeme ukija, sumaku inang'ang'ania uso wa dramu unaozunguka, inaburutwa, ule mkono unasukuma viatu vya breki vibane. Akaweka mita kwenye nyaya zake mbili, ikasoma karibu na omu 4. "Hii nzima, kaka." Ya upande wa pili haikusoma kitu, waya ulikatikia ndani ya ekseli. Tela la namna hiyo linashika gurudumu moja na kuvuta upande, na hakuna kontrola duniani ya kulirekebisha.

Kila sumaku inakula takriban ampea 3. Ekseli mbili zenye breki nne ni ampea 12, na waya mwembamba wa taa hauwezi kuzifikisha nyuma bila kupoteza volti njiani. Kama bajeti inabana, punguza kwenye kontrola, usipunguze kwenye waya. Waya mnene kutoka betri, wenye fyuzi yake, na waya mnene mwingine kwenda nyuma. Ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri, nayo iwe na waya wake, usitegemee chuma cha kuungia tela, kutu na grisi vitakusaliti.

Na fundi wako asiunge kwa kufuata rangi. Kwenye kontrola nyingi waya wa bluu ndio unaopeleka umeme kwenye breki za tela, mweusi unatoka betri, mwekundu unatoka swichi ya taa ya breki, mweupe ni ethi. Lakini kwenye plagi ya pini saba ya mtindo wa Ulaya, bluu ni taa ya ukungu na mweusi ni taa ndogo ya kushoto. Plagi hiyo kwa mpangilio wake wa kawaida haina hata pini ya breki za umeme. Kila waya upimwe kwa mita, mwisho hadi mwisho.

Ukishafunga, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, kama zile za kuelekea Monduli asubuhi. Tela liwe na mzigo wake wa kawaida. Nenda kilomita 40 kwa saa, bonyeza kitufe cha mkono mpaka mwisho. Magurudumu ya tela yakiburuza, punguza nguvu. Usiposikia kitu, ongeza. Unatafuta pale yanaposhika kwa nguvu bila kujifunga. Tela likirudi tupu, upange upya, maana nguvu iliyofaa kwa tani mbili za saruji itafunga magurudumu ya tela tupu kwenye lami yenye mvua. Na kwenye mteremko bado unashuka na gia ndogo, kontrola haikuondolei hilo.

Kitu cha mwisho cha kudai kwa fundi ni swichi ya dharura na betri yake ndogo juu ya tela. Tela likichomoka, kamba inavuta pini, betri inashikisha breki zote. Kamba hiyo ifungwe kwenye chasisi ya pikapu. Ikifungwa kwenye mpira wa chuma wa kuungia tela, mpira ukichomoka unaondoka nayo, na pini inabaki mahali pake.