Laini ya mdogo wangu iko kwenye kopo la Blue Band

Juu ya kabati langu hapa Mbagala kuna kopo la Blue Band, ndani mna laini ya simu ya mtoto wa mama mdogo. Ni dereva boda, kijiwe chake Rangi Tatu. Alikuja mwenyewe Jumatatu moja usiku, hesabu ya bosi ya siku tatu yote imeishia kwenye kubeti, mikeka ya mechi na kale kamchezo ka kandege ka kwenye simu, akachomoa laini akaniwekea mkononi, "dada nishikie hii mpaka mwisho wa mwezi, hata nikilia usinipe." Jumamosi asubuhi, Simba wanacheza jioni, huyo hapo mlangoni na chipsi za watoto na stori ndefu kwamba kuna abiria wake wa kudumu anamlipa kwenye namba hiyo. Nikampa. Ningefanyaje, ni mdogo wangu.

Kabla ya kuja kwangu alishaiandikia kampuni anayobetia wamfungie akaunti. Wakamfungia, hilo sikatai. Ila siku hiyohiyo akajiunga na nyingine, haikuchukua hata dakika tano, afu wiki moja baadaye ile kampuni ya kwanza ikamtumia meseji eti rudi uchukue bonasi yako. Yani ni sawa na kujipiga marufuku duka moja Kariakoo.

Ndo maana nasema hii kitu ya mtu kujifungia mwenyewe iwekwe kwenye sheria na liwe daftari moja kwa kampuni zote. Uswidi wanalo tangu 2019, linaitwa Spelpaus, mtu anajiandikisha mara moja kwa namba yake ya kitambulisho, anafungiwa kwenye kampuni zote zenye leseni, na matangazo ya kumtumia moja kwa moja yanakatazwa. Uingereza nao wana GAMSTOP, unachagua miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, na ukishachagua hutoki kabla ya muda, hata uje na chipsi. Hapo ndo wamenigusa mimi, maana mtu wa Jumatatu na mtu wa Jumamosi ni watu wawili tofauti ndani ya shati moja, na sheria inabidi imsikilize wa Jumatatu.

Na msiniambie hatuna uwezo. Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ni ya 2003, imerekebishwa mara kadhaa lakini ilizaliwa kabla hata ya M-Pesa, ambayo imeingia 2008. Leo mtu anabeti kitandani kwa hela ya simu, na laini zenyewe tulizisajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA, mnakumbuka zile foleni za mwisho wa 2019 na watu waliozimiwa laini Januari 2020? Foleni ile nilikaa na mtoto mgongoni. Basi namba hiyohiyo itumike hapa, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ishike daftari, kampuni ikipokea hela kwa mtu aliyejifungia irudishe na ilipe faini juu. Bila faini watatuma tu bonasi.

Najua atakayetaka atabeti kwa laini ya mshkaji. Na yale madubwi, mashine za kamari za uchochoroni, hayaulizi kitambulisho, yanaulizia sarafu ya mia mbili tu, hapo daftari halifiki labda mjumbe na polisi waamue kuwa siriasi. Sawa. Lakini kumtafuta mshkaji akuazime laini ni kazi, na kwa mdogo wangu hata nusu saa ya usumbufu inatosha hamu ipungue, nimeshamuona.

Laini imerudi kwenye kopo tangu juzi, safari hii kasema miezi mitatu. Jumamosi kuna mechi tena. Watoto nimeshawaambia, akija anko mwambieni mama kaenda Chanika kwa bibi na funguo ya chumbani kaondoka nayo.