Matawi ya mzabibu: kiberiti, panga au jiko?

Juzi nilipogoa mizabibu yangu minane hapa Buswelu, Mwanza, na kufikia saa nne asubuhi rundo la matawi lilikuwa limenifika kiunoni. Mama jirani akachungulia juu ya ua. "Mwangaluka, baba." "Mwangaluka, mama." Akalitazama rundo, akanitazama mimi, kisha akauliza kama nina kiberiti au anirushie cha kwake.

Hakuwa anatania. Amekulia Magu kwenye mashamba ya pamba, na huko hata mtoto anajua kwamba pamba ikishavunwa, miti yake inang'olewa na kuchomwa, tena kwa agizo la serikali, ili funza wa pamba wasipate pa kujihifadhi hadi msimu ujao. Kwa Msukuma aliyelima pamba, kuacha masalia shambani ni uchafu, sawa na kulala bila kuosha sufuria.

Upande wa pili kuna ushauri unaozunguka kwenye simu zetu siku hizi: usichome kitu, katakata, tandaza chini ya mmea, rudishia ardhi chake. Nimeufuata kwa miaka kadhaa. Bado naupenda, ila sasa naupenda kwa masharti.

Hoja ya moto ina uzito kuliko wanavyokubali watu wa matandazo, na uzito huo unaongezeka ukiwa Mwanza. Zabibu za nchi hii zina kwao, nako ni Dodoma. Kule mvua ya mwaka haifiki milimita 600 kwa kawaida, inakuja kwa msimu mmoja, halafu kiangazi kirefu. Mkulima wa Makutupora au Hombolo anaweza kupogoa mara mbili kwa mwaka, na matawi ya kiangazi yakakauka hadi yanavunjika kama biskuti. Sisi tunapata karibu milimita 1,000, vuli na masika, na ziwa lenyewe linatuongezea unyevu. Isitoshe, hatuna baridi ya kuulaza mzabibu kama Ulaya. Mmea wetu una majani mwaka mzima, kwa hiyo ukungu nao una chakula mwaka mzima.

Ubwiri vinyoya, ukungu mmojawapo, unabaki kwenye majani yaliyoanguka, na matone ya mvua yanaurusha juu. Ubwiri unga unajificha ndani ya macho ya tawi. Kuvu wanaokausha matawi ndio wabaya zaidi: wanaishi kwenye mti uliokufa, mvua ikinyesha wanatoa vimbegu, na vimbegu hivyo vinatafuta kidonda kibichi. Sasa fikiria nilichokuwa nikifanya. Nakata, naacha vidonda mia wazi juu, halafu chini yake natandika matawi yaleyale yenye ugonjwa, na wingu la vuli liko juu ya ziwa. Hapo mama jirani na pamba yake yuko sahihi.

Lakini moto nao una hesabu yake. Naitrojeni karibu yote iliyokuwemo kwenye tawi inaondoka na moshi. Kinachobaki ni jivu lenye potasiamu na chokaa, na fosforasi kidogo. Si haba, ila udongo wangu ni luseni, ule mchanga unaotokana na mawe yetu ya vilimani. Luseni haishiki maji wala mbolea. Njaa yake ni mboji, na mboji ndiyo hasa unayoichoma. Mwaka juzi nilijaribu kuchoma rundo kama hili nikapata nusu ndoo ya jivu; mvua ya kwanza ikalichukua lote, na sare za shule za watoto wa jirani mwingine zikanuka moshi siku mbili. Hakusema kitu. Alizifua upya tu, nikimwona.

Basi panga. Wanaoandika kwamba ni rahisi wanatoka kwenye mashamba ambako trekta linapita katikati ya mistari na mashine ya kusagia matawi nyuma yake. Mimi nina panga na kigogo. Tawi la mzabibu lina ukaidi: linapinda badala ya kukatika, linaruka likakupiga shavuni, na vile vikono vyake vya kujishikizia vinafunga rundo zima pamoja, ukivuta moja yanakuja kumi. Mizabibu minane ilinimaliza siku nzima. Mwenye ekari moja atalipa vibarua, na zabibu zenyewe hapa bado hazijawa biashara ya kulipia vibarua wa kukata takataka.

Halafu kuna mchwa. Haipiti wiki, matandazo ya matawi yameshavishwa udongo, na kutoka kwenye mti mkavu hadi kwenye shina hai ni hatua mbili. Najua wapo wanaowatetea mchwa kwamba wanaingiza mti ardhini bure, na udongo wa kichuguu kila mtu anaujua ulivyo mzuri. Nakubali, ila si futi moja kutoka kwenye shina langu. Na usijaribu kufukia matawi mabichi ukidhani unawakwepa: vijidudu vya udongo vitakopa naitrojeni ili viyaozeshe, na mmea wako utageuka njano ukingoja walipe.

Wanaobeba na kumwaga mtaroni sina la kuwaambia. Mto Mirongo umeshabeba vya kutosha.

Jiko nililidharau, nikakosea. Usukumani hatuna kuni za kuchezea. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianzishwa mwaka 1986 kwa sababu miti ilikuwa imekwisha. Kule Bordeaux, Ufaransa, nyama ya kuchoma kwa matawi makavu ya mzabibu ni chakula cha heshima. Nimejaribu na sato: moto unawaka haraka, makaa hayadumu, samaki anatoka na harufu nzuri. Tahadhari ni moja. Ile dawa ya mrututu na chokaa tunayonyunyizia ukungu inaitwa kwa jina la Bordeaux hiyohiyo, na kama umepulizia karibuni, matawi hayo si ya kuchomea samaki. Majani yake usimpe kondoo pia, maana shaba iliyomo kwenye mrututu inamuua upesi kuliko mbuzi.

Kwa hiyo sasa nachambua rundo kabla ya kuamua. Yenye madoa, majani yote, na vigogo vizee vilivyokufa vinakwenda motoni siku ileile, kabla mvua haijavikuta. Matawi safi nayakata kwa urefu wa shubiri na kuyapeleka kwa migomba upande wa choo, nikichanganya na samadi, kwa sababu ubwiri wa mzabibu hauna habari na mgomba. Kwa mwembe siyapeleki, maana baadhi ya wale kuvu wa kukausha matawi wanaula mwembe kama wanavyoula mzabibu. Manene yaliyo mazima yanaanikwa juu ya bati.

Jioni mama jirani alikuja kuchukua kiberiti chake. Rundo la moto lilikuwa dogo, kama kikapu kimoja. Akaliona lile la juu ya bati, akauliza litakuwa limekauka lini.