Hilo haliko kwenye silabasi

Wiki yangu ya pili kazini, msichana wa kidato cha pili aliniuliza kwa nini magadi yanaivisha maharage haraka. Nilikuwa na shahada, lakini jibu sikuwa nalo. Nikamwambia, "Hilo haliko kwenye silabasi." Darasa likacheka, yeye akakaa. Hakuniuliza tena kitu mpaka anamaliza kidato cha nne.

Kila ninaposikia kisa cha Erasto Mpemba humkumbuka yeye. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Tanga. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu, naye kwa kuogopa kukosa nafasi kwenye friji akaingiza maziwa yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amejichanganya. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, swali likageuzwa utani. Siku Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipofika shuleni hapo, kijana akamtupia lile lile. Osborne alilishangaa, lakini akaenda kulipima, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Hata wakithibitisha kwamba halipo, kwangu mimi mwalimu katika kisa kile ni Osborne peke yake.

Sisi walimu wa sayansi tunalia na vifaa, na kilio ni cha haki. Agizo la mwaka 2012 la kila sekondari kuwa na maabara tatu liliwafanya wazazi wachangie saruji na mchanga, lakini jengo si maabara. Nimeona bureti, ile mirija ya kupimia vimiminika, zikitolewa kabatini mtihani ukiwa umekaribia. Mtoto anayeishika kwa mara ya kwanza Oktoba atafanya nini Novemba? Atapika namba. Anachungulia ya jirani, anaongeza nukta moja, anaandika. Halafu tunamwita mvivu.

Ila kuna mengi ambayo hayangoji bureti. Chemsha choya, gawanya maji yake kwenye glasi mbili, moja kamulia ndimu, nyingine tia magadi. Ya ndimu, ambayo ni asidi, inawaka nyekundu; ya magadi, ambayo ni besi, inageuka kuelekea kijani. Gharama yake haifiki hata nauli ya daladala. Nilipoifanya mara ya kwanza, wavulana wa nyuma, wale wa kulala, walisimama juu ya madawati.

Tatizo likaja baadaye: walianza kuuliza, tena kwa Kiswahili, kwa sababu swali la kweli halingoji mtu atafute Kiingereza chake. Nikawaacha. Mwenye mtihani atawadai Kiingereza Novemba, mimi Machi nadai udadisi. Mkaguzi akipita tutaelewana.

Nilichokuwa nakiogopa ni kuonekana sijui. Siku hizi swali likinishinda naliandika kwenye kona ya ubao, na zamu ya usafi imeshaambiwa kona ile haifutwi. La magadi nililiandika mwenyewe, kwa kuchelewa, na jibu lake chini: magadi ni besi, hulegeza pektini inayoshikilia seli za punje. Jana kuna aliyeongeza jingine: kwa nini kitunguu cha kwenye friji hakilizi kama cha sokoni. Kesho naja na vitunguu.