Kwa hiari yangu bila kushurutishwa

Jumapili nimeamka nakuta voice note ya dakika nne kwenye grupu la familia. Ni shemeji yetu mmoja anayefanya kazi HR, na kwa heshima zote yule baba nampenda, kwenye harusi yangu hela ya ukumbi alitoa yeye, lakini siku hiyo nilitaka kurusha simu ukutani. Mada ilikuwa mdogo wangu wa mwisho aliyekosa fao la kukosa ajira, ile hela ambayo NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, humlipa aliyepoteza kazi, na shemeji anaeleza taratibuuu kama anasoma matangazo ya vifo redioni, kwamba masharti yako wazi, yameandikwa, tatizo letu Watanzania hatusomi.

Hatusomi. Haya.

Mimi nimesoma shemeji. Nimesoma mpaka bando likakata nikaunga lingine. Uwe umechangia angalau miezi 18, uwe chini ya miaka 55, uwe hujapata kazi nyingine, na uwe hujaacha kazi mwenyewe kwa hiari. Ukipenya kote huko unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa miezi 6, basi. Mdogo wangu alikuwa analipwa laki nne na nusu, kwahiyo tunaongelea kama laki na nusu kwa mwezi, jumla hata laki tisa haifiki. Na huyu ni mtu ambaye kwa miaka mitano kila mwezi imeenda elfu tisini kwenye mfuko, nusu yake nusu ya mwajiri, jumla milioni tano na laki nne. Hela ipo, jina lake liko juu yake, statement anayo. Umri sawa, michango sawa, kazi hana kweli, ushahidi ni kwamba analala kwangu. Amegonga mwamba kwenye sharti moja tu, hilo la hiari, na ndilo limenitoa kitandani kuja kuandika huku.

Sikilizeni jinsi alivyoacha kazi kwa hiari.

Alikuwa karani wa stoo kwenye ghala moja la vifaa vya ujenzi hapa Dar. Biashara ikalegea, mishahara ikaanza kuingia tarehe kumi, mara kumi na tano, halafu Ijumaa moja saa kumi jioni wakaanza kuitwa ofisini mmoja mmoja. Watu 11. Ndani yuko meneja na dada wa HR, na mezani kuna karatasi imeshachapwa, jina limeshajazwa, kalamu iko pembeni imefunguliwa kabisa. Akaambiwa mdogo wangu, kampuni imekuwa ngumu, saini hapa tukupe mshahara wa mwezi huu na wa mwezi mmoja juu, leo leo. Ukitaka twende kwa utaratibu sawa, ila huo utaratibu hatujui utaisha lini, na kesho ukiomba kazi sehemu wakatupigia simu sisi tutasema ukweli.

Ukweli gani? Hakuuliza. Ana mtoto darasa la pili na kodi ilikuwa imebaki wiki mbili. Akasaini. Mimi ningesaini, wewe unayesoma hapa ungesaini, na shemeji angesaini huku anauliza kama wana wino wa bluu.

Barua ilikuwa na sentensi moja ya maana: "nimeamua kuacha kazi kwa hiyari yangu bila kushurutiswa na mtu yeyote." Kushurutiswa, bila h. Barua zote 11 kushurutiswa, bila h. Walilinganisha kwa kumbukumbu nje kwenye kibanda cha mama wa chai, wakacheka, maana ukiwa umepoteza kazi Ijumaa jioni na mfukoni una bahasha kuna kicheko fulani kinakuja chenyewe.

Sasa nauliza, nani amewahi kuacha kazi kwa hiari yake halafu akaandika bila kushurutishwa? Mimi nimeacha kazi mbili maishani kwa hiari. Ya kwanza niliandika mistari mitatu na nikawashukuru kwa ushirikiano, uongo mtupu, sikuwahi kushirikiana na mtu pale. Ya pili nilituma email kutoka kwenye daladala. Haikunijia hata kidogo kuwahakikishia kwamba hakuna aliyenishikia panga. Hayo ni maneno ya mkataba wa kuuziana shamba mbele ya wakili, ni maneno ya maelezo polisi, mtu anayaweka pale anapojua kabisa kuna siku mwenzake atasema alilazimishwa. Yaani ile barua inajishtaki yenyewe, na bado kule dirishani kwa mfuko ndiyo inayoaminika kuliko mtu mzima aliyesimama na miguu yake.

Dada wa dirishani simlaumu. Alimsikiliza, akamwambia, "Pole sana mdogo wangu, lakini mimi naangalia barua, na barua inasema umeacha mwenyewe." Hilo ndilo aliloajiriwa kuangalia.

Kinachonitia wazimu ni kwamba nchi hii hii inajua vizuri kabisa kuna kuacha kazi ambako siyo kuacha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 36 (eti hatusomi), inasema kuachishwa kazi ni pamoja na mfanyakazi kuondoka mwenyewe kwasababu mwajiri amefanya kazi isivumilike. Imo humo. Na kanuni za 2007 zikaenda mbali zaidi zikataja mpaka mfano, unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kumlinda mfanyakazi asifanyiwe. Kwahiyo chukua binti ambaye bosi anamsumbua, anamshika, anampangia zamu za usiku akikataa, binti anavumilia mwaka, siku moja anaandika barua anaondoka maana ameanza kuogopa hata kupanda ngazi za ofisini. Sheria ya kazi inamwambia wewe umeachishwa. Akifika kwenye mafao anaambiwa wewe umeacha. Mtu mmoja, barua moja, siku moja, nchi moja. Na hapa sina utani, nawajua wasichana wawili wa hivyo kwa majina yao na nyote mnawajua wa kwenu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeenda kudai chochote, kwasababu walishasikia mtaani kwamba ukiandika barua mwenyewe umejifuta.

Mtasema kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi. Ipo. Ila mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa upelekwe ndani ya siku 30, na mdogo wangu siku hizo 30 na nyingine 30 juu yake alizitumia kufanya kile ambacho akina shemeji wote wa dunia hii wanasema ufanye, kutafuta kazi! Kapeleka CV Kariakoo, Vingunguti, Ubungo, kapanda mpaka Kibaha. Alipokuja kwenda kwenye mfuko na kuambiwa kajaribu CMA, muda umepita, ni mpaka aombe kuongezewa muda na aeleze alikuwa wapi, halafu akikubaliwa mzigo wa kuonyesha kwamba alilazimishwa uko mabegani mwake. Atathibitishaje? Barua wamebaki nayo wao. Aliomba kopi, dada wa HR akamjibu kwamba nyaraka ni mali ya kampuni.

Tupige hesabu nyingine sasa, maana hii ndiyo walimu wetu hawakutufundisha. Kumpunguza mtu kazi kihalali lazima utoe taarifa, mkae mjadiliane na wafanyakazi, utoe notisi, na anayelipwa kwa mwezi notisi yake haipungui siku 28. Halafu kuna kiinua mgongo, mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mdogo wangu miaka mitano, siku 35. Kwahiyo ule mshahara wa mwezi mmoja juu, ule wa kwenye bahasha, ule alioupokea kwa mikono miwili na akapiga goti kidogo kusema asante, ulikuwa ni notisi yake mwenyewe. Alipewa deni lake kama zawadi. Siku 35 zikapotea, miezi 6 ya fao ikapotea, na zidisha mara 11. Ile karatasi yenye kosa la herufi kwa yule tajiri ni punguzo la bei, na sharti la hiari ndilo linalompa hilo punguzo, maana mtu mwenye barua ya kuacha hawezi kwenda popote akasikilizwa haraka.

Jamani kwani kuna ugumu gani fomu ya fao ikawa na nafasi ya mfanyakazi kueleza kwanini aliacha? Au mfuko wenyewe, ambao unaona michango ya watu 11 wa mwajiri mmoja imekata mwezi mmoja, usinuse hata kidogo? Watu 11 wamepata wito wa roho Ijumaa moja saa kumi jioni, wote kwa pamoja, wote bila h?

Haya, nikubali kitu kimoja, japo kwa shingo upande. Sharti hili halikushuka tu kutoka mbinguni. Enzi za fao la kujitoa, ukiacha kazi unachukua michango yako yote, tulikuwa tunaacha kazi kama tunabadilisha nguo. Mimi mwenyewe 2014 niliacha kazi nzuri tu, nikachukua hela yangu yote, nikanunua kiwanja Chanika. Kile kiwanja tuliuziwa watu watatu. Mmoja ameshajenga msingi, mwingine ana karatasi ya serikali ya mtaa, mimi nina picha niliyopiga nimesimama kwenye nyasi nacheka. Kwahiyo serikali iliposema watu wanazila hela za uzee mapema, nilijua inanisema mimi. Na kweli ukisema kila anayeacha alipwe, Januari hii ada ikibana maofisi yatabaki na walinzi peke yao. Nakubali. Lakini 2012 walipotaka kulifuta lile fao watu wa migodini wakachachamaa mpaka serikali ikarudi nyuma, 2018 sheria mpya ikaja likafutwa moja kwa moja, na Desemba ile Rais Magufuli aliporudisha kikokotoo cha zamani, ile hesabu ya kupanga mafao ya wastaafu, tulikaa tukisubiri na letu litajwe. Halikutajwa. Tukaambiwa badala yake kuna hili la kukosa ajira, ndiyo kinga yenu. Basi kama ndiyo kinga, na mimi nimekubali kunyang'anywa mwavuli wangu mkubwa kwasababu niliutumia vibaya, huo mdogo niliopewa usifungwe siku ya mvua.

Mengine sitayaongelea sana leo. Mwajiri anayekata na hapeleki, hiyo nitaiandikia siku yake maana nina hasira nayo ya peke yake. Hizo miezi 18 kwa mtu anayepewa mkataba wa miezi mitatu mitatu ni kichekesho. Bodaboda na mama lishe wao mwajiri wao akifilisika ni wao wenyewe, nani atawaandikia barua. Na hivi mdogo wangu akikaanga vitumbua hamsini asubuhi ili mtoto aende shule na hela ya uji, ameshapata ajira nyingine au bado? Naogopa hata kuuliza, wasije wakasema ndio.

Nilimjibu shemeji kwenye grupu, nikaandika kila kitu hiki, na kifungu, na siku 28, na siku 35. Baada ya saa moja kaweka kidole gumba. Halafu jioni akanipigia pembeni, sauti imeshuka, akasema kwao wana barua kama hiyo kwenye kompyuta, ameikuta alipoingia, hajui nani aliiandika. Nikamuuliza, yako ina h? Akasema ngoja aangalie kesho.

Jumanne tunaenda CMA kuomba kuongezewa muda. Kati ya wale 11 wamekubali kuja wanne pamoja na mdogo wangu, wawili wamesema wanaogopa, waliobaki simu zinaita tu. Mwenye picha ya barua ni mmoja, kijana aliyekuwa mlinzi, aliipiga haraka wakati meneja anapokea simu, imekaa upande na kidole chake kimeziba kona. Lakini ukizoom pale katikati, neno linasomeka.