Saa Zinazookolewa na Akili Mnemba ni za Nani?

Kila muuza programu anayebisha hodi siku hizi kwenye vituo vya afya ya akili na uraibu anakuja na ahadi ileile: muda. Programu itaandika maelezo ya mgonjwa, itapanga miadi, itajibu meseji za usiku, itabashiri nani ataacha dawa. Sawa. Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Tanzania, nusu ya siku yangu inaliwa na makaratasi, kwa hiyo anayetaka kunipunguzia nampokea kwa mikono miwili. Ila sijamsikia hata mmoja wao akisema muda huo ukishaokolewa unakwenda wapi, na kwangu mimi kesi yote iko hapo. Mshauri nasaha akipunguziwa saa mbili za kuandika, je, atakaa zaidi na wagonjwa alio nao? Ataongezewa wengine wanane? Au ataonekana hana kazi, mkataba wake ukiisha usihuishwe? Kompyuta haina jibu la hayo. Jibu wanalo mganga mfawidhi, mhasibu na bodi, na mara nyingi wanalitoa wino wa mkataba ukiwa umeshakauka.

Marekani wapo walioshapita njia hiyo. Chama cha NEDA, kinachoshughulika na matatizo ya ulaji, kilikuwa na simu ya msaada iliyodumu zaidi ya miaka 20. Wapigaji walikuwa watu wanaojinyima chakula mpaka mwili unakwisha, wengine wanakula na kujitapisha, na wazazi wasiojua la kufanya. Upande wa pili wa simu walikuwepo waajiriwa wachache na kundi kubwa la watu wa kujitolea. Mwaka 2023 waajiriwa wale walipiga kura ya kuwa na chama cha wafanyakazi, na haukupita muda wakaambiwa simu inafungwa. Kilichobaki kwa mwenye shida ya kuongea ni programu ya kuchati iitwayo Tessa. Uongozi ulisema Tessa haikuletwa kuchukua nafasi ya watu. Haidhuru, watu waliondoka na Tessa ikabaki. Mwishoni mwa Mei mwaka huohuo nayo ikazimwa, baada ya kugundulika kwamba inawaelekeza watumiaji wapunguze kalori na uzito wao kila wiki. Kumwambia hivyo mtu mwenye ugonjwa wa ulaji ni kumsukuma shimoni.

Lakini kuna jambo ndani ya kisa hicho ambalo watu hulipita haraka. Tessa ya mwanzo haikuwa mbaya. Iliandikwa na wanasaikolojia, majibu yake yalikuwa yamepangwa kabla, na ilijaribiwa kwa wanawake wapatao 700 ikaonekana inasaidia. Baadaye kampuni iliyokuwa ikiiendesha iliongeza uwezo wa kutunga majibu yenyewe. Waliopima walipima kitu kimoja, wenye shida wakahudumiwa na kingine, na jina halikubadilika. Dawa ya vidonge ikibadilishwa kiambato chake kikuu lazima isajiliwe upya. Programu inabadilishwa usiku, asubuhi unaikuta ina rangi mpya na kitufe kipya, unaendelea na kazi.

Niseme sasa kuhusu makaratasi, kwa sababu hapo ndipo vituo vingi vitaanzia, na mimi mwenyewe ningeanzia hapo. Anayefanya kazi kwenye hospitali zetu anavijua vitabu vya MTUHA, yaani rejista za kukusanyia takwimu za huduma za afya: mgonjwa mmoja, rejista zaidi ya moja, jina lilelile, umri uleule, tiki zilezile. Mwisho wa mwezi mtu anajifungia kujumlisha kwa mkono. Kazi hiyo ipewe mashine hata kesho. Sioni hoja ya kuitetea.

Ila wauzaji hawaishii kwenye rejista. Wanataka kuweka kinasa sauti mezani wakati wa ushauri, kisha programu iyageuze mazungumzo kuwa maelezo ya faili. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani waliipima Whisper, programu ya OpenAI inayogeuza sauti kuwa maandishi, kwa vipande vya sauti zaidi ya 13,000. Katika asilimia 1 hivi ya vipande hivyo iliongeza maneno au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezitamka, na karibu asilimia 40 ya nyongeza hizo zilikuwa za kudhuru: ukatili, uhusiano wa kubuni, dawa zisizokuwepo. Asilimia 1 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba vipande vile vilikuwa vya sekunde chache tu, na mazungumzo ya dakika 50 yana mamia ya vipande kama hivyo.

Watafiti waliona pia kwamba ubunifu huo ulijitokeza zaidi kwa watu wenye afasia, yaani ugumu wa kuongea unaotokana na kuumia kwa ubongo, ambao wakiongea wana vituo virefu vya ukimya. Hapo ndipo niliposimama kusoma. Chumba cha ushauri kimejaa ukimya. Unamuuliza mama, "Tangu mzee aondoke, usiku unalalaje?" Anaangalia vidole vyake, anavikunja, anavikunjua. Inapita dakika nzima. Mshauri aliyefundwa haivunji dakika hiyo, anaingoja, kwa sababu mara nyingi kinachokuja baada yake ndicho kilichomleta. Mashine iliyozoea kusikia maneno inaweza kuijaza dakika ileile kwa sentensi yake yenyewe, na sentensi hiyo ikaingia kwenye faili ikiwa na sahihi ya mshauri chini. Ongeza hapo kwamba wagonjwa wetu wanachanganya Kiswahili, lugha ya kwao na maneno ya kijiweni. Kijana akikwambia usiku kucha alikuwa na arosto, yaani makali ya kukosa dawa za kulevya, mpaka akaomba kete, yaani kipimo chake, kwa mkopo, sijui programu iliyofunzwa kwa sauti za wapi itaandika nini.

Halafu faili ni kitu cha hatari kwetu kuliko kwao. Finland walipata somo lao mwaka 2020, mtu aliyekuwa ameiba kumbukumbu za kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo, zikiwamo za wagonjwa wapatao 33,000, alipoanza kumwandikia mgonjwa mmojammoja akidai pesa ili siri zake zisitangazwe. Akili mnemba haikuhusika pale, yalikuwa maelezo ya kawaida yaliyohifadhiwa ovyo. Sasa fikiria hapa Tanzania. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunayo, ilianza kutumika Mei 2023, na ni sheria nzuri. Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inasema kujaribu kujiua ni kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba. Sisi hatujafika huko, na kutumia unga nako ni jinai. Kwa hiyo sauti ya mgonjwa akisimulia jinsi alivyomeza vidonge wiki iliyopita, au alikonunua kete, ni ushahidi unaotembea. Ikikaa kwenye seva ya kampuni ambayo kituo hakijui hata iko nchi gani, mgonjwa amewekwa hatarini na watu waliomwahidi usiri.

Nikupeleke kwenye kliniki ya methadone, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini ili waiache. Huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011 na sasa iko mikoa kadhaa. Kwa kawaida mteja anakuja kila siku. Anafika dirishani, anatambuliwa, anapewa kikombe, anakunywa muuguzi akimwona, anapewa maji, halafu anasemeshwa kidogo ili ijulikane amemeza na hakuibana shavuni akaiuze nje.

"Shikamoo sista."

"Marahaba baba. Mbona jana hatukukuona?"

"Nilikwenda msibani, Mkuranga."

Imekwisha, anapita mwingine. Lakini katika sekunde zile muuguzi mzoefu amesikia kama ulimi ni mzito, ameona kama mboni zimesinyaa, amenusa kama kuna pombe, na ana wazo lake kuhusu huo msiba. Mtu akikosa dozi siku kadhaa mfululizo harudishiwi dozi yake ya zamani hivihivi. Mwili umeshapunguza uzoefu, na dozi kamili inaweza kumkata pumzi. Kwa hiyo kumjua mapema anayeanza kupotea ni suala la uhai.

Basi anakuja mtu na programu ya kubashiri nani atapotea. Nauliza: ikishabashiri? Orodha ya waliokosa jana ipo tayari kwenye rejista, na muuguzi wa dirishani anaweza kukutajia kwa majina watano ambao wiki hii hawako sawa. Kinachokosekana ni mwelimishaji rika wa kuwafuata maskani, nauli yake, na vocha ya simu. Programu ikinipa orodha saa tatu asubuhi badala ya saa tisa alasiri nitashukuru kweli. Ila ikinunuliwa kwa pesa ya yule mwelimishaji rika, tutakuwa na orodha safi ya watu ambao hakuna aliyekwenda kuwatafuta.

Nisionekane nakataa kila kitu. Uingereza kuna programu iitwayo Limbic inayotumiwa na huduma za ushauri za NHS, mfumo wa afya wa umma wa huko, mlangoni tu: mtu anajieleza kwa kuchati, inakusanya dalili zake, inampeleka kwa mtaalamu. Utafiti uliotoka 2024, wenye wagonjwa wapatao 129,000, ulionyesha kwamba vituo vilivyoitumia vilipata ongezeko la waliojitokeza la asilimia 15, wakati vingine vilipata asilimia 6, na waliongezeka zaidi watu wa makundi ambayo kwa kawaida hayaji. Naamini sababu. Kuna mambo ni rahisi kuyaandika kwa kidole kuliko kumtamkia mtu wa mapokezi ambaye huenda ni jirani wa shangazi yako. Mlango wa namna hiyo ningeupigania hata hapa.

Hata Chuo cha Dartmouth cha Marekani, walipoijaribu Therabot, programu yao ya tiba kwa kuchati, kwa watu 210 na kuripoti mwaka 2025 kwamba dalili za sonona zilishuka kwa nusu hivi, kulikuwa na watafiti wanaofuatilia ujumbe na walio tayari kuingilia kati. Matangazo huwa yanawaacha nje hao. Yanawaacha nje pia vijana wa Nairobi walioajiriwa kusoma na kuweka alama maandishi ya ubakaji, mauaji na watu kujidhuru ili ChatGPT ifundishwe kuyakwepa. Gazeti la TIME liliandika Januari 2023 kwamba walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, na wengine walisema kazi hiyo iliwaachia majeraha ya akili. Mashine inayouzwa kama tiba imepita kwanza kwenye vichwa vya watu, na wengine wao ni wagonjwa wetu watarajiwa.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ya upande wa pili ni hii: nyinyi hamna wataalamu. Watanzania ni milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, madaktari bingwa wa afya ya akili ni wachache mno, na mtu wa Tunduru hana hospitali ya akili ya Mirembe mlangoni kwake. Mashine si bora kuliko kukosa kabisa? Ingekuwa kweli kama tungekuwa na njia mbili tu. Zimbabwe, tangu 2006, Dkt. Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha bibi wa mtaani kule Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wakazungumza nao matatizo yao moja baada ya jingine. Jaribio lao la 2016, lenye watu 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hawajapungua Tunduru. Anayetaka kuleta teknolojia ampe bibi huyo simu, na mtaalamu wa kumpigia anapokwama. Hapo nitamwelewa.

Jimbo la Illinois, Marekani, Agosti 2025, waliweka sheria: akili mnemba isitoe tiba ya kisaikolojia, itumike kwa kazi za ofisi, na anayekiuka anaweza kupigwa faini ya hadi dola 10,000. Mstari umechorwa mahali ambapo na mimi ningeuchora, ingawa ningeongeza mambo ambayo sheria yao haiyagusi. Saa zinazookolewa ziandikwe kwenye ratiba ya zamu, kwa jina la mfanyakazi na jina la kazi atakayozifanyia, kabla ya mkataba kusainiwa. Programu isibadilishwe bila kituo kuarifiwa na kuijaribu upya. Maelezo yasomwe siku hiyohiyo na mtu aliyekuwa chumbani, sauti ibaki hapohapo kituoni mpaka aweke sahihi, kisha ifutwe.

Na meseji ya saa nane usiku kutoka kwa mtu anayesema amechoka kuishi: upande wetu lazima kuwe na mtu wa zamu mwenye jina na simu iliyo na chaji. Kama bajeti ya mtu huyo haipo, programu ifungwe ofisi inapofungwa, iandike waziwazi kwamba imefungwa, na itaje hospitali ya karibu yenye daktari usiku huo.